Alfred wa Batman: tuanue matanga, au tuendelee kumngoja mlangoni?

Mleta mada

Wadau, nianze na msiba wenyewe kwa wasiofuatilia. Agosti 2019, katika toleo namba 77 la kitabu cha katuni cha Batman, mwandishi akiwa Tom King, yule pandikizi la mtu Bane alimvunja shingo Alfred Pennyworth, mtumishi mzee aliyemlea Batman. Bane alikuwa ameuteka mji wa Gotham, kamshika Alfred mateka na kutoa onyo: yeyote wa ukoo wa popo, yaani Batman na wasaidizi wake, akitia mguu mjini, mzee anakufa. Damian Wayne, mtoto wa damu wa Batman, akaingia. Bane akatekeleza onyo lake huku mtoto anatazama.

Tangu siku hiyo, kila mwandishi mpya akikabidhiwa Batman, watu hawaulizi hadithi itahusu nini. Wanauliza: huyu atamrudisha mzee?

Mimi nasema asimrudishe.

Si kwamba simpendi. Nampenda kuliko Batman mwenyewe, ambaye nikimtoa joho namwona kijana mwenye hela na hasira tu. Lakini kufa kwenye vitabu hivi kumekuwa kama kwenda likizo. Superman alikufa mwishoni mwa 1992, mwaka uliofuata tukamwona anapaa. Zamani ilikuwepo kauli miongoni mwa wasomaji kwamba wanaobaki kaburini ni watatu tu: Bucky, mwenzake Captain America, Jason Todd, msaidizi wa Batman, na Uncle Ben, mjomba wa Spider-Man. Mwaka 2005 wawili kati yao wakarudi kwa mpigo, mmoja kwa kampuni ya Marvel, mwingine kwa DC, wachapishaji wa Batman. Kabaki Uncle Ben peke yake analinda makaburi.

Kwetu matanga yana siku yake ya kuanuliwa. Mnalia, mnapika, mnakesha, halafu jamvi linakunjwa na kila mtu anarudi kwake akiwa na pengo lake. Hawa wenzetu jamvi halikunjwi. Wanakaa wakichungulia mlango, maana marehemu anaweza kuingia wakati wowote akaomba chai.

Karibuni.

Popo wa Mbagala

Mkuu, msiba huu si wa kwanza. Mzee alishakufa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Juni 1964, Detective Comics namba 328. Alfred anakuja na pikipiki, anaona jabali linawaangukia Batman na msaidizi wake Robin, anawasukuma pembeni, linamwangukia yeye. Mhariri wakati huo alikuwa Julius Schwartz, aliyekuwa amepewa kazi ya kumfufua Batman kibiashara. Nafasi ya mzee nyumbani akawekwa shangazi, Aunt Harriet. Ilikuwa bado miaka kumi tu tangu daktari mmoja wa akili, Fredric Wertham, aandike kitabu akihoji wanaume hawa wanaishije nyumba moja bila mwanamke. Unganisheni wenyewe.

Sasa sikilizeni utamu. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe akivua joho, akaanzisha mfuko wa hisani kwa jina la marehemu. Ikafika Januari 1966, tamthilia ya Batman ikaanza kwenye televisheni, na Alfred yumo, kachezwa na Alan Napier. Televisheni inamtaka, vitabu vimeshamzika! Basi Oktoba 1966, toleo namba 356, tukaambiwa kwamba adui wa ajabu aitwaye Outsider, aliyekuwa akiwasumbua Batman na Robin, ndiye Alfred. Mwanasayansi alimkuta kaburini bado ana uhai, akamwingiza kwenye mashine, akatoka ngozi nyeupe kama chokaa na roho mbaya. Akaponywa, akarudi jikoni kama hakuna kilichotokea.

Na ule mfuko? Wakaubadilisha jina, ukaitwa Wayne Foundation. Mtu anafufuka, anakuta sadaka yake ya jariya imehamia kwa bosi.

Kwa hiyo mleta mada, unapigania kanuni ambayo haijawahi kuwepo. Mzee atarudi siku watu wa sinema wakimhitaji.

Mleta mada

Hiyo ya mfuko imenichekesha peke yangu kwenye daladala, watu wakanitazama. Lakini mkuu, umenisaidia hoja. Kifo cha 1964 hakikuacha kitu. Huyu Alfred wa 1964 hata hakuwa amemlea Bruce. Alipoingia kwa mara ya kwanza mwaka 1943 alikuwa mnene, mchekeshaji, akamkuta Bruce mtu mzima na tayari ni Batman. Walimkondesha ili afanane na mwigizaji wa sinema ya mwaka huohuo. Habari ya kwamba ndiye aliyemlea yatima tangu usiku ule wazazi wake walipouawa kwa risasi ilikuja kukaa sawa miaka ya 1980. Kwa hiyo aliyekufa 1964 alikuwa mtumishi. Aliyekufa 2019 ni mzazi.

Dada Mkubwa

Nina neno na familia ya Wayne.

Mtu amepika, amefua damu kwenye joho, ameshona majeraha saa tisa usiku, amelea yatima mmoja, kisha akalea na kila yatima ambaye yule yatima alimwokota barabarani. Miaka yote hiyo anamwita aliyemlea "Bwana Bruce". Halafu siku anakufa, tunaambiwa kifo chake kimekuzwa ili Batman ajifunze kitu. Hata kufa kafa kazini, na faida kaipata mwajiri.

Mimi nimelelewa na dada wa kazi. Mama alikuwa anaondoka alfajiri, anarudi tumeshalala. Yule dada ndiye aliyejua kwamba sili maharage yakiwa na nazi, na kwamba nikinyamaza sana ujue nina homa. Nikiwa darasa la tano nilirudi shule nikakuta mwingine jikoni. Sikuambiwa kitu. Nilikuta kandambili zake za bluu mlangoni, moja imefungwa waya. Sijawahi kumwona tena, na nakiri kwa aibu, jina lake la pili silijui.

Kwa hiyo mkiniuliza Alfred abaki amekufa au afufuke, jibu langu halimo kwenye orodha yenu. Afufuke, adai mafao yake, apande ndege arudi Uingereza akae kwenye kiti cha kamba, apikiwe yeye. Batman ajifunze kukaanga yai.

Wino Mweusi

Dada Mkubwa, nimesoma mara mbili, pole. Ila mafao alikuwa nayo. Nightwing namba 78, Machi 2021, mwandishi Tom Taylor, mchoraji Bruno Redondo. Dick Grayson, Robin yule wa kwanza, ambaye sasa ndiye Nightwing, anapata barua ya mzee. Kumbe Alfred alikuwa bilionea kutokana na mali aliyoiweka kwenye biashara za akina Wayne, na fedha yote kamwachia Dick. Kijana kauchukua utajiri ule na kuupeleka kwa watu wa Blüdhaven, mji wake, na safari hii mfuko wa hisani una jina la Alfred Pennyworth. Wakati huohuo Bruce mwenyewe kapoteza utajiri wake na kuhama jumba.

Hapo ndipo nasimama na mleta mada. Ile hadithi ya Nightwing ni katika zilizopendwa sana miaka ya karibuni, na isingekuwepo kama mzee angekuwa hai anapanga sahani. Akifufuka leo, Dick arudishe hela? Mfuko ubadilishwe jina tena kama 1966?

Dada Mkubwa

Wino, umenipa habari njema halafu umenipandisha presha. Huyu mzee si ana binti? Julia Pennyworth, tulimwona Batman Eternal mwaka 2014, jasusi kabisa, anajua kazi. Urithi wote kwa Dick?! Kwetu kikao cha ukoo kingekaa wiki nzima na mjomba mmoja angesusa chakula.

Wino Mweusi

Hapo sina utetezi. Nimekunja mikono.

Kalamu ya Risasi

Naona mnajadili kana kwamba wasomaji wakiamua basi imeamuliwa. Walishapewa nafasi hiyo. Septemba 1988, DC waliweka namba mbili za simu, senti hamsini kwa kila simu, wasomaji wachague kama Jason Todd, Robin wa pili, afe au apone. Waliosema afe: 5,343. Waliosema apone: 5,271. Tofauti ya kura 72. Mtoto akafa. Waliopiga kura wakaambiwa ndiyo hiyo, haitabadilika. Baada ya miaka kumi na saba kijana yuko barabarani na bastola mbili, kavaa kofia nyekundu, anauliza kwa nini hakulipiziwa kisasi.

Na mnajua walieleza vipi kurudi kwake? Superboy wa ulimwengu mwingine aliupiga ngumi ukuta wa uhalisia. Ngumi. Ukuta. Wa uhalisia. Nimeandika taratibu ili mfike nami.

Lakini nakiri kitu. Maelezo yalikuwa ya kipuuzi, na Jason aliyerudi ni mhusika bora mara kumi kuliko aliyekufa. Alirudi na kidonda, na kidonda chake ni swali ambalo Batman hana jibu lake mpaka leo. Kwa hiyo sipingi ufufuo. Napinga ufufuo wa kurudi jikoni.

Wanaomtaka mzee hai, yuko. Absolute Batman, ilianza Oktoba 2024, mwandishi Scott Snyder. Bruce hana utajiri, na Alfred ni jasusi wa Uingereza anayetumwa kumchunguza, si mtumishi wa mtu. Msomeni huko, huyu wa zamani mwacheni alale.

Popo wa Mbagala

Na 2022 walijaribu pia, Batman vs. Robin ya Mark Waid. Mzee akatokea kwa nguvu za uchawi. Haikudumu. Nilihisi kama mtu anayebipu.

Mleta mada

Kalamu, nakubali, na hapo ndipo hoja yangu kubwa ilipo, sikuiweka mwanzo. Tunamsema Bruce, tunamsema Dick. Aliyekuwepo chumbani ni Damian.

Katika toleo namba 83 tunasikia sauti ya Alfred aliyoirekodi kabla. Damian hakuingia mjini kwa kiburi kama tulivyomlaumu. Walikuwa na mpango, na mzee alimpa ishara kwamba yuko salama, ameshatoka mikononi mwa Bane. Haikuwa kweli. Alidanganya makusudi, ili kijana asizuiwe na uhai wake yeye. Alikichagua kile kifo.

Mtoto aliyelelewa na wauaji, aliyekuwa na dharau kwa kila mtu, anamheshimu mtu mmoja katika nyumba ile, na mtu huyo anafia mbele yake kwa ishara aliyoiamini. Kila alichofanya Damian baada ya hapo, kumkimbia baba yake, kuivua ile nembo ya Robin aliyokuwa akiivaa, yote yanatoka chumba kile. Mrudisheni Alfred na chai yake kesho asubuhi, mmemnyang'anya Damian hadithi yake, na mmemnyang'anya mzee uamuzi pekee mkubwa aliowahi kuufanya bila kuagizwa.

Msomaji wa Nyali

Nimekuwa kimya nikiwasoma. Mleta mada umeandika vizuri, na ndiyo sababu nakupinga.

Unasema tusimnyang'anye Damian hadithi yake. Umemuuliza? Mtoto ana umri wa kuwa sekondari. Ukimpa nafasi achague kati ya hadithi nzuri na babu yake, unadhani atachukua hadithi?

Babu yangu alikufa mimi nikiwa nimetumwa dawa. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, nikaenda la mbali, nikarudi nikakuta watu wamejaa uani. Hakuna aliyenilaumu. Nimeshakuwa mtu mzima, nina watoto, na bado nikipita lile duka natazama kama liko wazi. Watu husema mambo haya hukukomaza. Labda. Ningekubali kubaki mbichi.

Hawa ni watu wa kuchorwa. Kazi yao ni kufanya tusiyoweza. Mmoja anapaa, mwingine anapita kwenye ukuta. Mwacheni na huyu mtoto apate la kwake: afungue mlango akute aliyemzika yuko pale, anamkemea kwa viatu vya matope. Ukurasa mmoja tu. Kisha wamfanye watakavyo.

Mleta mada

Nimefuta jibu mara tatu.

Ukurasa mmoja naukubali. Lakini wewe na mimi tunajua DC hawaishii ukurasa mmoja.

Kalamu ya Risasi

Hawaishii. Ukurasa wa pili ana sinia mkononi.

Dada Mkubwa

Basi akija na sinia, Damian ampokee. Na Julia apewe chake.