Ushauri: mafunzo ya siku 3 kwa walimu na walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji, yatatosha?

MratibuKyaka:
Salaam ndugu zangu. Kituo chetu cha chekechea kiko ndani ya makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, Uganda. Tuna walimu 12 na walezi 18 wa watoto wa miaka 2 hadi 8. Kuna wenye usonji (otizimu) au dalili zake, wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy, ulemavu wa misuli na mkao unaotokana na ubongo), wawili wenye hali ya Down (ya kuzaliwa nayo, inayochelewesha ukuaji), na kadhaa ambao hawasemi na haijulikani kwa nini. Walezi karibu wote wanasema Kiswahili cha Kongo, na walimu wengi wanatumia Kirutooro na Kiingereza.

Mfadhili ametoa fedha za ukumbi, chakula na mkufunzi mmoja kwa siku 3 mfululizo. Siku ya kwanza ni aina za ulemavu na sababu zake, ya pili sheria na haki, ya tatu mbinu za kufundisha. Je, siku 3 zinatosha? Walimu na walezi wakae pamoja? Na tuanzie wapi?

Mkufunzi_Walezi:
Dada mratibu, omba ratiba ibadilishwe kabla fedha hazijatumika. Siku 3 ukumbini ni kama saa 21. Saa zenyewe si chache, ila zimerundikwa mahali pamoja. Mlezi atasikia mambo arobaini, atarudi nyumbani na karatasi, na Jumatatu atamlisha na kumwogesha mtoto vilevile alivyozoea. Gawanya saa hizohizo ziwe vikao 9 au 10 vya saa 2, kimoja kwa wiki. Kikao cha saa 2 kinahitaji chai tu, kwa hiyo pesa ya chakula cha mchana ihamie kwenye usafiri wa kuwatembelea nyumbani.

Umbo hilo lina mfano wake. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yameandaliwa yaendeshwe na watu wasio mabingwa, kama wauguzi, walimu, wahudumu wa afya wa vijijini na wazazi wenyewe, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa. Walezi wako 18 wagawe vikundi viwili vya 9, kila kikundi wawezeshaji wawili. Mmoja anaongoza, mwingine anatazama mikono ya walezi wanapojaribu. Mkufunzi mmoja mbele ya watu 30 hawezi kuona nani anamvuta mtoto mkono na nani anamsubiri.

Ndani ya kikao, dakika 20 za mwanzo ni za kusikia jaribio la nyumbani lilikwendaje. Dakika 20 mwezeshaji anaonyesha stadi moja, moja tu, kwa vitendo. Dakika 50 wanajaribu wawiliwawili, mmoja akiwa mtoto. Dakika 20 kila mlezi anasema ataifanya saa ngapi na katika kazi gani ya nyumbani. Kumi za mwisho ni zake yeye mlezi, kupumua na kusema yaliyomlemea. Msikate hizo kumi hata muda ukiwabana, maana mlezi aliyechoka kupita kiasi hawezi kumsubiri mtoto.

Kuhusu kuanzia wapi: anzeni na stadi ya kuvunja kazi vipande. Chukua kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi. Kuna kukanyaga kijiti, kulowesha, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kusuuza, kufuta. Vipande 7. Fundisha kuanzia mwisho. Mtu mzima amsaidie vipande sita vya kwanza, mtoto amalizie kufuta mwenyewe, kisha apate kile anachokipenda papo hapo. Akifuta bila msaada mara 3 mfululizo, mwachie na kusuuza. Kwa njia hii kila jaribio linaishia kwenye kufaulu. Ukianza na kipande cha kwanza, mtoto anachoka kabla ya kufika kwenye furaha.

Hapa ndipo walezi wengi wanakosea. Wanasimama mbele ya mtoto. Wasimame nyuma yake, ili mikono yao iende upande uleule na yake. Wanaongea muda wote wanapomshika, mtoto hajui asikilize au afanye. Wanasaidia haraka mno. Mfundishe mlezi ahesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusaidia, na msaada uanze mdogo: kuonyesha kwa kidole, halafu kugusa kiwiko, na mkono juu ya mkono uwe wa mwisho. Kosa kubwa kuliko yote: mama anafuata mpangilio mmoja, bibi mwingine, mwalimu wa tatu. Kwa mtoto hizo ni kazi tatu tofauti.

Siku ya sheria na haki ifupishwe iwe nusu saa ndani ya kikao cha mwisho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ni muhimu, na mlezi ajue kwamba shule haina ruhusa ya kumkatalia mwanawe kwa sababu ya ulemavu. Lakini haimfundishi kumvalisha shati.

MtaalamuWaViungo_Jinja:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila usalama uje kabla ya kunawa mikono. Kikao cha kwanza kiwe kulisha na kifafa, kwa walimu na walezi wote, hata wale ambao watoto wao hawana shida hizo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa chali au kichwa kimeangukia nyuma. Mkao huo unafungua njia ya hewa, na uji unateleza kwenda mapafuni. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kama kona ya meza, mgongo wima, kidevu kiinamishwe kidogo. Mlishaji akae chini, macho yake yalingane na ya mtoto. Akisimama, mtoto atanyanyua kichwa kumtazama na kazi yote inaharibika. Kijiko kidogo bapa, nusu tu, kiwekwe katikati ya ulimi kwa kuukandamiza kidogo, kisha kitoke moja kwa moja bila kufutwa kwenye meno ya juu. Subiri ameze ndipo ulete kingine. Kijiko cha plastiki nyepesi hapana, mtoto anayeuma ghafla atakivunja mdomoni. Uji mzito kiasi ni salama kuliko mwepesi, kwa kuwa mwepesi unakimbia kuliko ulimi wake. Akimaliza, abaki wima kama dakika 30.

Dalili za kumpeleka kituo cha afya: anakohoa au anakabwa kila mlo, sauti inakuwa kama ina maji baada ya kumeza, homa za kifua zinajirudia, mlo mmoja unapita nusu saa, au uzito hauongezeki.

Kifafa: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu, tazama saa. Usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika 5, au ikija nyingine kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali. Povu haliambukizi. Mwambie kila mwalimu hilo kwa sauti, maana kuna watoto wanaoachwa peke yao sakafuni kwa hofu hiyo tu.

Viti msisubiri wafadhili. Kiti cha katoni kinatengenezwa kwa kubandika tabaka za katoni kwa gundi ya unga uliopikwa, mistari ya ndani ya tabaka moja ipishane na ya tabaka inayofuata, halafu kinavikwa karatasi za magazeti na kupakwa vanishi. Kina cha kikalio: pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, punguza sentimita 2 au 3. Kikizidi hapo, mtoto anateleza mbele. Nyayo lazima zikanyage kitu. Kabla ya kumkalisha, mtu mzima akikalie. Kisipokauka kikamilifu kinaota ukungu na kulegea, kwa hiyo msitengeneze wakati wa mvua nyingi. Na hata kiti kizuri, mtoto asikae zaidi ya nusu saa bila kubadilishwa mkao.

Mtoto ambaye kichwa chake kinakua haraka kuliko mwili asisubiri mafunzo. Hospitali ya CURE iliyoko Mbale inatibu watoto wenye maji kichwani, na huko kila wiki ina thamani.

Mwl_P2_Arua:
Kwa upande wa darasa. Kabla ya kusema "hasemi", masikio yapimwe. Usaha wa sikio usiotibiwa unaweza kumfanya mtoto aonekane mzito wa kuelewa. Na msianze kwa kuwaita watoto majina ya ulemavu. Maswali ya utendaji wa mtoto ya UNICEF na Washington Group (kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu) yanauliza tu mtoto ana ugumu kiasi gani kuona, kusikia, kutembea, kueleweka, kujifunza, na majibu ni manne, kuanzia hana ugumu hadi hawezi kabisa. Yana fomu ya miaka 2 hadi 4 na nyingine ya 5 hadi 17. Mwalimu akipata jibu la "ugumu mkubwa sana" anajua pa kuanzia. Akipata neno "usonji" peke yake hajui.

Lugha, dada, hapo msikubali kupotoshwa. Mlezi asiambiwe aache lugha ya nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Lugha mbili hazisababishi usonji wala kuchelewa kusema, na mama anayelazimishwa lugha asiyoimudu huishia kunyamaza. Kila mlezi aandike maneno 20 ambayo mtoto anayasikia nyumbani kila siku, ampe mwalimu. Nyumba inayosema "mayi" (maji kwa Kiswahili cha Kongo), mwalimu naye aseme "mayi" kwanza, Kiingereza kitafuata.

Kwa asiyesema kabisa, anzeni na vitu vyenyewe kabla ya picha: kikombe maana yake kunywa, mkeka maana yake kulala, mpira maana yake nje. Akishaelewa vitu, ndipo michoro 4 kwenye manila iliyofunikwa kwa selotepu pana. Msianze na kadi 20. Mtu mzima naye aongee neno moja tu zaidi ya mtoto. Kwa asiye na neno, sema "maji". Anayesema "maji", mrudishie "nataka maji".

Mzazi_Busia:
Swali la kukaa pamoja halijajibiwa. Nashauri watenganishwe. Mama hatajaribu na kukosea mbele ya mwalimu wa mwanawe, na mwalimu akiwepo ataanza kuhutubia. Wakutane mara mbili tu, kikao cha 3 na cha 7, kukubaliana maneno na mpangilio uleule. Na akina baba waalikwe kwa kazi maalum, kwa mfano siku ya kutengeneza viti. Angalieni pia vikao visigongane na siku za mgao wa chakula, na awepo mtu wa kuwatunza watoto wakati walezi wanajifunza.

Mkufunzi_Walezi:
Naafiki, ila kwa walezi wa watoto wenye matatizo ya kulisha ningeongeza ziara ya nyumbani wakati wa mlo. Kulisha hakujifunzwi kwa mwanasesere.

Na walimu wafuatiliwe. Mara 2 kwa mwezi mtu akae darasani dakika 20, azungumze na mwalimu dakika 10. Ahesabu mambo matatu tu: mara ngapi mwalimu alisubiri kabla ya kusaidia, mara ngapi alimsifu mtoto kwa kutaja alichofanya, mara ngapi mtoto alishiriki na wenzake. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya mafunzo, wiki ya 4 na ya mwisho. Mtihani wa maandishi unaonyesha nani anajua kuandika.

MratibuKyaka:
Mungu awabariki, nimeshampigia mfadhili na amekubali kuzungumza. Swali moja la ziada. Kuna mvulana wa miaka 6, hasemi, anawauma wenzake. Mwalimu anamrudisha nyumbani kila akiuma, na baadhi ya walimu wanadai kiboko. Tuwafundishe nini?

Mwl_P2_Arua:
Kiboko hapana. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 inakataza adhabu ya kupiga shuleni. Na mtoto asiyesema akipigwa, anajifunza kwamba mkubwa humuumiza mdogo.

Kwanza ondoeni maumivu: meno, masikio, choo kigumu. Kisha mwalimu aandike kwa siku 5, kila tukio mstari mmoja: nini kilitokea kabla, alifanya nini, nini kilifuata. Mara nyingi tabia kama hii inatafuta kitu, inatafuta kuangaliwa, inakimbia kazi au kelele, au mwili wenyewe unaitaka. Ikionekana anauma wenzake wakati kazi ya mezani inapoanza, au mvua inapopiga bati, basi kumrudisha nyumbani ndiko kunakomfundisha kuuma, kwa kuwa anapata alichotaka.

Mpeni njia nyingine ya kusema lilelile. Kadi moja ya "pumzika", iliyofungwa kwa kamba kwenye nguo yake, isiwe mezani kwa mwalimu. Mtu wa pili akae nyuma yake na, kabla hajauma, amwongoze mkono kuitoa. Mwalimu aipokee, ampe dakika 2 za utulivu kwenye kona, kila mara bila kukosa. Akiuma, mwenzake ahudumiwe kwanza, kazi iendelee ikiwa fupi zaidi, asirudishwe nyumbani. Siku za mwanzo kuuma kunaweza kuongezeka, waambieni walimu mapema, la sivyo wataacha siku ya tatu. Akishaitumia kadi mwenyewe, ongezeni polepole muda wa kazi kabla ya mapumziko, dakika moja moja.

Na mpangieni rafiki wawili wa kukaa naye. Mpango wa Obuntu bulamu, uliobuniwa hapahapa Uganda na kujaribiwa Wakiso, unawafundisha watoto wenyewe kuwashirikisha wenzao wenye ulemavu, pamoja na wazazi na walimu. Marafiki hao wawili wajue kadi ile ina maana gani.