Blitzi za makocha wa zamani na za sasa: tuweke ipi kwenye timu yetu?

MlinziHuru
Habari zenu wakuu. Nasaidia benchi la ufundi la timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari hapa Minnesota, upande wa ulinzi. Kocha mkuu amenipa mpaka Jumatatu nimletee mpango wa blitzi (kutuma walinzi wa ziada kumvamia kwatabeki, yule anayetupa pasi) tutakaoufundisha kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi mwezi Agosti. Anataka mpango mmoja tu. Niko kati ya hizi: 46 ya Buddy Ryan, unajaza watu mbele na kumvuruga kwatabeki, blitzi ya zoni ya Dick LeBeau (waliobaki wanakaba maeneo, si watu), au hizi za makocha wa sasa kina Brian Flores na Mike Macdonald, watu sita saba wamesimama mstarini, pale mpira unapoanzishwa, na mpinzani hajui nani anakuja na nani anarudi nyuma. Mimi moyo uko kwa Flores, Vikings wake wa hapa Minnesota ndio nawatazama kila Jumapili. Ila nataka kusikia kwa waliofundisha au kucheza. Ipi bora?

Pengo_A
Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Watoto wa umri gani? Wapinzani wanapiga pasi au wanakimbia na mpira? Mna wachezaji wangapi? Na kubwa kuliko yote: konabeki wako (mlinzi wa pembeni anayemkaba mpokeaji pasi) anaweza kuachwa peke yake na mpokeaji, au akiachwa ni tachidauni, mpinzani amefunga? Bila hilo kila mtu atakutajia kocha anayempenda yeye.

BearsDamu
Mimi nitamtaja ninayempenda na sababu ninazo. Buddy Ryan. Vijana wengi wanadhani 46 ni mpangilio wa watu kama 4-3 (wanne mstarini, watatu nyuma yao). Hapana, ni namba ya jezi ya Doug Plank, sefti (mlinzi wa nyuma kabisa) wa Chicago Bears. Watu wanane karibu na mstari. Walinzi watatu wanawakalia senta na magadi wote wawili, wazuiaji watatu wa katikati, uso kwa uso, hakuna wa kumsaidia mwenzake. Lainibeka wawili (walinzi wanaosimama nyuma ya wale wa mstarini) wanapangwa upande mmoja, na kwatabeki hana nafasi ya kuhesabu. Mwaka 1984 walipata saki 72 (kumwangusha kwatabeki kabla hajatupa), rekodi ya msimu. Mwaka 1985 wakashinda 15 wakapoteza 1, kisha kwenye mtoano Giants 21-0, Rams 24-0, na Super Bowl, fainali ya ligi, wakawafunga Patriots 46-10. Mechi mbili mfululizo za mtoano bila kuruhusu pointi hata moja! Nionyesheni kocha wa sasa mwenye rekodi hiyo.

Wale walikuwa wakivamia, basi. Hakukuwa na mambo ya kujificha. Singletary, lainibeka wao wa kati, alikuwa anamtazama kwatabeki machoni.

DadaZoni
Mzee wangu, heshima yako, ila hiyo 1 waliyopoteza umeipita haraka sana. Tarehe 2 Desemba 1985, Miami, 38-24. Dan Marino, kwatabeki wa Miami, alifanya nini? Kocha wake Don Shula aliwatawanya wapokeaji, akamweka Nat Moore ndani, na Bears wakabaki wanamkaba kwa watu ambao si konabeki. Mpira ulikuwa unatoka mkononi kabla wavamizi hawajafika. Ukileta watu wanane mbele, nyuma wanabaki watatu, na kila mmoja yuko peke yake. Mwaka 1985 timu chache zilikuwa na Marino. Siku hizi hata watoto wa sekondari wanacheza na wapokeaji wanne, kwatabeki amesimama yadi tano nyuma ya senta.

Ndiyo maana nampenda LeBeau. Alianza kuifanyia kazi blitzi ya zoni akiwa Cincinnati miaka ya 1980, kisha akaifikisha mbali akiwa Pittsburgh. Unaleta wavamizi watano, lakini mmoja wa wale wakubwa wa mstarini unamrudisha nyuma. Wanabaki watatu chini na watatu nyuma kabisa, wote wanatazama mpira. Kwatabeki akiona lainibeka anakuja, anatupa haraka pale alipotoka, na pale pale anamkuta jitu la kilo 130 limesimama. Ni shinikizo lenye bima. Ushahidi ni Super Bowl ya Februari 2009: James Harrison, lainibeka wa Pittsburgh Steelers, alirudi nyuma, akaudaka mpira wa Kurt Warner, kwatabeki wa Cardinals, akakimbia yadi 100 hadi tachidauni. Steelers 27, Cardinals 23.

Pengo_A
Dada, mfano huo si wa blitzi ya zoni. Siku ile LeBeau aliita blitzi na Harrison alitakiwa kwenda mbele. Alijifanya anakuja, akasita, akarudi kwa akili yake mwenyewe kwa kuwa alihisi pasi fupi. Aliyefanya kazi pale ni mchezaji.

DadaZoni
Na Warner alimtupia Harrison kwa nini? Kwa sababu alitegemea anakuja! Miaka yote ile LeBeau alikuwa amewafundisha kurudi nyuma namna hiyo, mwili wake ulishajua cha kufanya. Huwezi kumtoa mchezaji kwenye mfumo uliomlea.

Pengo_A
Naweza, maana alivunja maagizo. Lakini tusiharibu uzi wa mwenzetu.

BabaNamba24
Nimekuwa nasoma tu humu ila hapa lazima niandike. MlinziHuru, nakuomba kabla hujachagua ufikirie yule mtoto wa nyuma kabisa.

Kijana wangu alikuwa konabeki kwenye sekondari moja huku Ohio. Akaja kocha mpya wa ulinzi, mpenzi mkubwa wa blitzi ya sifuri, ile ambayo hakuna sefti nyuma, wote wanaovamia wanavamia na waliobaki ni mtu kwa mtu. Kiangazi chote walifundishwa njia za kuvamia. Huyu apite pengo hili, huyu azunguke pale. Kumwangusha mtu kwenye uwanja wazi hawakufundishwa kabisa. Nilikuwa naenda kumchukua mazoezini na naona kwa macho yangu: lainibeka wanakimbizwa kwenye magunia, konabeki wamekaa pembeni wanasubiri zamu ambayo haifiki.

Msimu ulipoanza, timu mbili za kwanza zilikuwa dhaifu na kocha akasifiwa. Timu ya tatu ilikuwa na kwatabeki mtulivu. Kila dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne) kocha aliita sifuri, na kila mara yule kijana alipiga hatua moja tu nyuma kisha anatupa pasi fupi ya mshazari kwa mtu aliyekuwa na mwanangu. Mpokeaji akimpita mkono mmoja, mbele hakuna mtu. Tachidauni tatu, zote upande wake. Jukwaani wazazi wenzangu walianza kuuliza kwa sauti namba 24 ni mtoto wa nani. Mke wangu aliondoka kabla ya robo ya nne.

Wiki iliyofuata kijana akawekwa benchi. Mpango haukubadilika, akawekwa mwingine pale pale, naye akafungwa vile vile. Mwanangu akasema hataki mpira tena. Tulikaa naye sana, baadaye akarudi kwa mchezo wa kukimbia, mpira hakurudi.

Kama mnadhani ni mambo ya watoto, kumbukeni Desemba 2020, Jets na Raiders. Sekunde chache zimebaki, Raiders wanahitaji tachidauni tu, na Gregg Williams, kocha wa ulinzi wa Jets, anaita sifuri. Kwatabeki wa Raiders, Derek Carr, akamtupia Henry Ruggs yadi 46, mchezo ukaisha 31-28. Kesho yake Williams akafukuzwa kazi. Kwenye sekondari anayefukuzwa ni mtoto.

DadaZoni
Pole sana kaka. Mpe kijana salamu zetu.

BearsDamu
Pole, BabaNamba24. Ila hilo ni kosa la kocha asiyefundisha kukaba, Buddy asibebeshwe. Konabeki wa Bears walikuwa wanajua kazi yao.

Mtazamaji_NBO
Niko Nairobi, natazama usiku wa manane. Samahani kwa kuingilia, kuna anayejua Daniel Adongo alichezeshwa vipi? Alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na wakamweka lainibeka. Nauliza kwa sababu wachezaji wetu wa raga wana kasi na wanajua kumwangusha mtu. Kwa kuvamia kutoka pembeni si wangefaa?

Pengo_A
Adongo alipata nafasi kidogo, zaidi kwenye michezo ya kupiga mpira kwa mguu. Kasi alikuwa nayo. Kuvamia si kasi tu, kuna kazi ya mikono. Tangu 1978 sheria inawaruhusu wazuiaji kunyoosha mikono, kwa hiyo anayekuja bila kujua kuitoa hiyo mikono anakwama palepale. Kwenye raga hakuna mtu anayekusukuma kifuani wakati huna mpira, ukifika huku ukiwa mgeni inabidi ujifunze upya.

Mtazamaji_NBO
Asante mkuu. Na sefti je? Kukaba kwa kusoma uwanja, kama namba 15 kwenye raga, yule wa nyuma kabisa?

MzeeWaPurple
Mtazamaji, fungua uzi wako, swali zuri hilo na litapotea humu.

MlinziHuru, mimi nipo Minnesota tangu enzi za Metrodome, uwanja wa zamani wa Vikings, na nakushangaa unamtaja Flores ukasahau Vikings wa 1989. Saki 71, moja tu pungufu ya Bears wa 1984, na kocha wao wa ulinzi Floyd Peters hakuwa mtu wa blitzi. Wanne wa mbele wanatosha: Chris Doleman peke yake saki 21, Keith Millard 18. Walikuwa wanapishana, huyu anaingia ndani, yule anamzunguka kwa nje, na nyuma wamebaki saba wa kukaba. Swali lako linaanzia katikati. La kwanza uliza kama unahitaji blitzi kabisa. Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, alijibu Februari 2025: hawakumletea Mahomes, kwatabeki wa Kansas City, blitzi hata moja kwenye Super Bowl na bado alianguka mara sita. Eagles walishinda 40-22.

BearsDamu
Ukiwa na Doleman na Millard au wale wa Eagles, hata mimi sitaleta blitzi. Sekondari unawapata wapi?

Pengo_A
Hapo namuunga mkono mzee. Na niseme kuhusu Flores, kwa sababu watu wanamwona ni wazimu wa kuvamia tu. Mwaka 2023 Vikings waliongoza ligi kwa blitzi, na wakati huohuo waliongoza kwa kurudisha watu wanane nyuma. Sura ni ileile kabla mpira haujaanzishwa: lainibeka wawili wameegemea mapengo ya kulia na kushoto kwa senta, mtindo aliotesa nao watu Jim Johnson kule Philadelphia. Safari hii wanakuja sita, safari ijayo watatu. Macdonald naye huleta wanne tu, ila si wale wanne uliowahesabu. Ravens wake wa 2023 walipata saki 60 na wakaruhusu pointi chache kuliko timu zote. Tofauti kubwa ya zamani na sasa iko hapo. Buddy alikuzidi idadi, hawa wanakuharibia hesabu ya nani amzuie nani.

Lakini kufanya hivyo kunahitaji watu kumi na mmoja wanaokumbuka kazi mbili tatu kila mmoja. Mmoja akisahau, kuna pengo wazi katikati ya uwanja.

DadaZoni
Na wala si jipya. Kocha Bill Arnsparger alikuwa anamrudisha lainibeka Bob Matheson nyuma kule Miami miaka ya 1970, LeBeau mwenyewe alikwenda kujifunza kwake.

MlinziHuru
Nimesoma zote, asanteni. BabaNamba24, simulizi yako nimemsomea kocha kwa simu. Majibu ya maswali: ni vijana wa miaka 15 hadi 18. Shule ni ndogo, magharibi ya jimbo, tunacheza ile ya watu tisa. Tuna wachezaji ishirini na kitu, wengi wanacheza pande zote mbili. Wapinzani wengi wanakimbia na mpira, timu mbili tu ndizo zinapiga pasi sana. Konabeki mmoja ni mzuri kwelikweli, mwingine ndiye tunayemtafuta.

Pengo_A
WATU TISA? Mkuu! Hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Nusu ya tuliyoandika haihusiki.

MzeeWaPurple
Kwa wasiojua: shule ndogo za huku zinacheza tisa kwa tisa kwenye uwanja mwembamba. Wanaotolewa ni wazuiaji wawili wa pembeni, kwa hiyo katikati wanabaki senta na magadi wawili, kisha mtu mmoja kila mwisho wa mstari.

BearsDamu
Subirini basi. Senta na magadi wawili? Hao si ndio Buddy aliowakalia uso kwa uso? Weka wakubwa wako watatu juu yao, lainibeka wawili upande wenye nguvu, na wapinzani wanakimbia na mpira. 46 ilizaliwa kwa ajili yako kijana!

DadaZoni
Na zile timu mbili za pasi? Na hao wakubwa watatu, wanaocheza pia kwenye ushambuliaji, robo ya nne watakuwa na pumzi ya kuvamia kila mchezo? Mimi bado nasema wa tatu arudi nyuma mara mojamoja, umpumzishe na umsaidie yule konabeki dhaifu.

Pengo_A
Kumrudisha nyuma kilo 130 aliyechoka si kumpumzisha, dada. Anakimbia zaidi.

BearsDamu
Sasa hapo umenena.

DadaZoni
Anarudi yadi nne tu, anasimama kwenye njia ya pasi fupi. Tofauti na kusukumana na mtu kila mara. Muulize yeyote aliyecheza mstarini.

MlinziHuru
Kocha amependa wazo la watatu juu ya watatu. Kuhusu nani akae nyuma bado tunabishana, yeye anataka sefti mmoja kila wakati, na mimi bado natamani angalau sura moja ya Flores ya kuwatisha wale wa pasi. Kuna mwenye mchoro wa 46 ya watu tisa, au video ya shule yoyote inayoicheza?

BabaNamba24
Mkikubaliana na sefti mmoja kila wakati, mimi nitalala vizuri. Huyo konabeki wa pili ana umri gani?

Mtazamaji_NBO
Wakuu, nimefungua uzi wa Adongo na raga. Pengo_A, njoo unieleze hiyo kazi ya mikono.