Mrejesho: meza ya mwaloni

Wadau, niliuliza kama mwaloni (mti wa oak) unafaa kwa meza ya kulia, na kama nichukue mweupe au mwekundu. Asanteni mliojibu.

Nimechukua mweupe. Aliyesema nipulize kwenye ncha ya kipande cha mbao alimaliza ubishi: mwekundu vitundu vyake viko wazi, pumzi inapenya hadi upande wa pili. Mweupe vimezibwa, ndiyo maana hutengenezewa mapipa ya mvinyo. Kwa meza ya kumwagikiwa maji kila siku, hilo lilinitosha.

Mbao zimepasuliwa kuelekea kiini cha gogo. Upasuaji huo unapoteza mbao nyingi na bei inapanda, ila hazipindi ovyo, na uso unatoa michirizi inayometameta ukiutazama kwa ubavu. Kusema kweli, michirizi ndiyo iliyonifungua pochi.

Mliotaja skrubu mlikuwa sahihi: tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mwaloni, ikikutana na chuma na unyevunyevu, inabaki doa jeusi. Tumeweka zisizoshika kutu.

Bado nabishana na fundi, yeye anataka vanishi. Mimi nataka mafuta, mkwaruzo ukitokea unapaka hapo hapo tu.