Tapeti za lori zikianza kugonga: tupeane uzoefu

Baba Rukia, Jomvu: Asubuhi ya leo lori la jirani limewashwa chini ya dirisha langu, nami nikausikia mlio uleule uliowahi kunifilisi. Mliowahi kubadilisha tapeti, vile vyuma vinavyosukumwa na nundu za shafti inayozunguka (kamshafti) ili valvu zifunguke, mlijuaje kwamba zimekufa zenyewe, wala si nafasi ya valvu tu, ule mwanya mdogo juu ya valvu? Fundi wangu alikuwa akirekebisha nafasi, mlio unatulia, kisha unarudi kwa kishindo.

Dereva wa Bara: Mimi yalinikuta kwenye mlima wa Mazeras nikiwa nimebeba mchele. Injini, Cummins 6BT, ilikuwa ikigonga tangu Changamwe, lakini tajiri alishikilia kwamba mzigo ufike kwanza. Tulipoanza kupanda, nguvu zikaisha, na injini ikawa inakohoa kupitia bomba la kuvutia hewa badala ya ekzosi. Hata gia ya kwanza ilishindwa. Utingo akaruka chini, akasukumiza jiwe nyuma ya gurudumu huku matrela yakitupigia honi bila huruma. Injini ilipofunguliwa, nundu moja ya kamshafti upande wa ekzosi ilikuwa imelika hata karibu kuwa duara, na uso wa tapeti yake umechimbika kama kisahani. Moshi uliokosa pa kutokea ulikuwa ukirudi nyuma kila valvu ya hewa ilipofunguka.

Mama Salim: Subhanallah! Na huyo utingo alisalimika?

Dereva wa Bara: Alisalimika, tena alidai posho ya jiwe.

Fundi Miritini: Tuliache jiwe, turudi kwenye injini. Kwa 6BT iliyopoa, nafasi ni milimita 0.25 upande wa hewa na 0.51 upande wa ekzosi. Ikiongezeka tena muda mfupi baada ya kurekebishwa, jueni kuna chuma kinacholika. Fungueni kifuniko cha juu, injini izungushwe kwa mkono, mzitazame pushirodi, zile fito zinazosukumwa juu na tapeti: isiyojizungusha inapopanda na kushuka, tapeti yake imekwama au imelika. Kateni pia chujio la oili, mkunjue karatasi yake juani muone kama inametameta kwa chembe za chuma.

Kijana wa Bondeni: Mbona mnahangaika? Changanyeni dizeli kidogo kwenye oili, injini iungurume bila mzigo, tapeti zitajisafisha.

Fundi Miritini: Ndugu yangu, hayo husemwa kuhusu tapeti za haidroli, ambazo hujaa oili na huweza kuziba kwa uchafu, na hata huko unazihatarisha beringi. Tapeti ya 6BT ni chuma kitupu, utasafisha nini?

Kijana wa Bondeni: Ya kwangu ya petroli ilinyamaza.

Baba Rukia, Jomvu: Na kuzitoa je?

Fundi Miritini: Hazitokei juu, kwa kuwa uso wake ni mpana kuliko tundu lake. Pushirodi zikishatolewa, vijiti vya mbao hukazwa ndani ya tapeti kutoka juu, zikainuliwa na kufungwa mbilimbili kwa mipira, ndipo kamshafti inapovutwa kwa mbele. Kisha mfereji mwembamba huingizwa mahali pake, na tapeti hudondoshwa humo mojamoja. Kamshafti mpya iende na tapeti mpya.

Mama Salim: Wapo waliochanganya mpya na za zamani, na magari yanatembea.

Dereva wa Bara: Tajiri wetu naye alichanganya: alinunua kamshafti mpya akarudisha tapeti za zamani, nayo ikalika ndani ya mwaka uleule.