Bustani ya maua meupe pekee: je, inafaa kwa hali ya hewa ya Arusha?

Swali (Njiro, Arusha)

Habari zenu, wapenda bustani. Ninakusudia kupanda mbele ya nyumba yangu maua meupe pekee: waridi, asumini, gadenia na yale mayungiyungi yanayofungwa kwenye mashada ya harusi. Nahofia kwamba jua kali la Januari litaufanya weupe huo uumize macho, na kwamba mvua za masika zitayatia maua madoa ya kahawia. Naomba ushauri wenu.

Jibu (Moshi)

Dada, hongera kwa wazo zuri. Anza na majani kabla ya maua. Bustani nyeupe yenye sifa kubwa, ile ya Sissinghurst nchini Uingereza, iliyopandwa na mwandishi wa kike aitwaye Vita Sackville-West karibu mwaka 1950, inategemea uzio mfupi wa kijani unaokatwa kwa unadhifu, pamoja na mimea yenye majani ya rangi ya fedha. Majani hayo ya fedha yenye manyoya huoza upesi masika yakikolea, kwa hiyo mimi ningetumia masale, ambayo sisi Wachagga tumeyapanda mipakani tangu enzi za mababu. Yapange nyuma ya waridi, na kijani chake kizito kitautuliza weupe hata saa sita mchana. Tena chagua weupe wa namna moja, kwa sababu waridi la rangi ya maziwa ya mtindi likikaa jirani na jeupe pe huonekana limechafuka.

Jibu (Usa River)

Nakubaliana na ndugu wa Moshi kuhusu masale, ila gadenia inahitaji tahadhari. Maji ya visima vingi vya Arusha yana magadi, na gadenia hupenda udongo wenye tindikali. Ukiimwagilia maji hayo, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Iweke kwenye chungu, uimwagilie maji ya mvua uliyokinga.

Madoa ya waridi mara nyingi ni ukungu. Acha nafasi ya kutosha kati ya miche ili hewa ipite, mwagilia shinani asubuhi, na kata kila ua lililoanza kuoza. Yungiyungi lenyewe hupenda unyevu, lakini utomvu wake huwasha mdomo na koo, hivyo lipande mbali na watoto. Asumini ipande karibu na baraza, kwa kuwa harufu yake hukolea jioni, wakati ambao nanyi mtakuwa mmekaa nje.