Mjadala: Je, polisi wazuiwe kumhoji mtuhumiwa kabla hajaonana na wakili?

MTOA HOJA

Ndugu wasomaji, wapo wanaoona kwamba haki ya mtuhumiwa imetimia iwapo atasimama na wakili mahakamani. Mimi nasema haki hiyo ianze kabla ya swali la kwanza la mpelelezi, na maelezo yaliyochukuliwa kinyume cha hapo yasipokelewe kuwa ushahidi.

Nasema hivyo kwa sababu kesi huweza kuamuliwa kituoni, muda mrefu kabla hakimu hajaliona jalada. Mtu aliyekesha mahabusu, asiyejua kama ndugu zake wana habari zake, husogezewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mwingine. Mwanzoni pana maneno yanayosema kwamba ametoa maelezo haya kwa hiari yake, na mwishoni pameachwa nafasi ya sahihi au dole gumba. Akishaweka dole, maneno yale yamekuwa yake, na wakili atakayekuja baadaye atalazimika kupambana na kauli ya mteja wake mwenyewe.

Yanayokaribiana na hayo yalimkuta mtuhumiwa Ernesto Miranda huko Phoenix, Marekani, mwaka 1963. Alihojiwa kwa muda wa saa mbili hivi, akatia sahihi ungamo lenye aya iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba anakiri kwa hiari na akizijua haki zake zote za kisheria. Askari waliomhoji walikubali mahakamani kuwa hawakumwambia kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatengua hukumu yake.

MCHANGIAJI

Ndugu mtoa hoja, mbona humtaji aliyetendewa uovu? Mtoto akitekwa, kila saa ina thamani, nawe unamtaka mpelelezi akae akimngoja wakili ambaye jambo la kwanza atakalomwambia mteja wake ni kunyamaza. Isitoshe, mwenye fedha ndiye atakayempata wakili usiku wa manane; maskini atahojiwa peke yake kama zamani.

MTOA HOJA

Nashukuru kwa hoja zako, ndugu yangu, na hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa ni kweli tupu pale ambapo haki imeandikwa bila kutengewa fedha. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 14, unataka asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapohitaji hivyo, lakini ibara hiyo inamzungumzia mtu aliyekwisha kushtakiwa. England na Wales zimekwenda mbali zaidi: aliyeko kituoni hupata ushauri wa wakili wa zamu bila malipo, awe tajiri au maskini.

Kuhusu mtoto aliyetekwa, sheria ya huko ya mwaka 1984 inamruhusu afisa mwandamizi, katika makosa makubwa na kwa sababu zilizotajwa, kuchelewesha wakili kwa muda usiozidi saa 36. Dharura basi ina mlango wake. Ninachokataa ni kuufanya mlango huo kuwa njia ya kila siku. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziona zile saa 48, zilizowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990 kuwa kikomo cha mwisho cha kumfikia wakili, kana kwamba ni muda halali wa kuhoji. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la kijana aliyehojiwa nchini Uturuki akiwa na umri wa miaka 17 bila wakili, ilisema kwamba kwa kawaida wakili apatikane tangu mahojiano ya kwanza.

Na hofu yako ya kwamba wahalifu wataponyoka haikuthibitika hata kwa Miranda mwenyewe: mwaka 1967 alishtakiwa upya, ungamo lile likiwa limewekwa kando, naye akatiwa hatiani kwa ushahidi mwingine.

Sasa nakurudishia swali. Mpelelezi mwenye ushahidi wa aina hiyo mkononi anapoteza nini akiandika kitabuni saa aliyompigia wakili simu na saa wakili alipofika, kisha ndipo aanze kuuliza?