Tupeane uzoefu: mchoro wa ukutani uliowahi kugusa mtaa wenu (Mbeya, Iringa, Njombe)

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, habari za huko. Mimi ni fundi wa mabango hapa Mbeya. Kuta za saluni, maduka ya dawa na migahawa ndizo zimenilea. Leo naomba tuzungumzie michoro isiyouza kitu: ile ya kuonya, kukemea na kudai. Nani aliiomba? Nani alinunua rangi? Na mvua ya mwaka uliofuata iliikuta bado ipo?

Naanza mimi. Nilipewa ukuta wa zahanati pembezoni mwa jiji, ujumbe ukiwa udumavu wa watoto. Nikachora mtoto mnene mbele ya sahani ya zabibu, mkate wa slesi, jibini na juisi ya dukani. Picha nilikuwa nimeitoa kwenye kalenda. Siku ya pili ilikuwa ya kliniki, kina mama wamejaa kwenye benchi. Mmoja akaniita: "Baba, hivyo vitu tunavipata wapi sisi?"

Nikashuka kwenye ngazi. Wakaanza kunitajia vya kwao: maharage, parachichi, majani ya maboga, karanga, usipa wa Kyela, mayai. Bibi mmoja akasema, "Mchore na baba wa mtoto, maana mayai yanaishia sokoni na hela anashika yeye." Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta Iringa karibu watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe na Rukwa kama nusu yao. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Shamba lipo na chakula kipo. Shida ni kile kinachotoka shambani kisifike kwenye sahani ya mtoto, na wale kina mama walilijua hilo kabla yangu.

Nilipiga rangi nyeupe juu ya kalenda yangu, nikaanza upya. Baba yupo pale ukutani, ameshika yai, anampa mtoto. Mpaka leo hakuna aliyethubutu kubandika tangazo juu yake. Anayejaribu, kina mama wanamfukuza.

Karibuni.

Mdau, Kihesa, Iringa

Kamwene wote. Mimi ni mwalimu. Kwanza niseme jambo moja: huku kwetu kuchora ukutani si mambo ya kuja. Nenda Igeleke, hapa hapa kando ya mji, ukaone michoro myekundu kwenye mwamba iliyoachwa na watu wa kale.

Sasa langu. Tulichora ukuta unaotazamana na kijiwe cha bodaboda kuhusu lifti wanazopewa wanafunzi wa kike. Fundi akachora binti analia, ana mimba, begi la shule limeanguka. Wanafunzi wangu walipoona walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, mbona kila ukuta sisi ndio tunalia? Aliyempa lifti yuko wapi?" Nilikosa jibu. Tuliongea na vijana wa kijiwe, na mwenyekiti wao akakubali achorwe yeye mwenyewe, na kofia yake ngumu na kizibao chake, akimwonyesha binti njia ya kwenda shule kwa miguu. Kijana yule sasa anatembea na ule mchoro mgongoni. Akikosea kidogo tu, wenzake wanamwonyesha ukuta. Sisemi mimba zimeisha. Nasema pale kijiweni kuna mtu ameweka sura yake rehani.

Mdau, Makambako

Nimesoma nikaona niandike, ingawa si rahisi. Naishi na virusi vya UKIMWI, mwaka wa tisa sasa. Karibu na ninapochukulia dawa palikuwa na ukuta wenye fuvu kubwa la kichwa na maneno ya kutisha. Kila mwezi nilipita pale nimeinamisha uso. Mwenzangu mmoja aliacha kabisa kuja, akisema haendi kuchukua dawa mbele ya kaburi lake.

Utafiti wa 2022 hadi 2023 uliweka Njombe, mkoa wetu, juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya virusi, asilimia 12.7 ya watu wazima. Maana yake ukuta ule ulikuwa unatukana majirani, wala si wageni wa mbali. Tulikwenda wanne kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitusikiliza. Tukachanga ndoo ya rangi, fundi akatoa nguvu zake bure. Fuvu lilifunikwa mara tatu ndipo likapotea, maana jeusi halifi haraka. Juu yake tukaweka mama amebeba debe la viazi, na nyuma yake saa ya ukutani inayoonyesha saa mbili usiku. Wanaomeza dawa wanaelewa. Wasiomeza wanaona mama na viazi tu. Mwenzangu amerudi.

Mdau, Tukuyu

Kwa ufundi tu, maana huku Rungwe mvua haina huruma. Lipu mbichi msiiguse, iacheni ikauke wiki kadhaa, la sivyo chumvi inatoka na rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Ukuta wa zamani kwangua, piga msasa, weka rangi ya kwanza, ndipo uchore. Fanyeni kazi kuanzia Juni. Ndaga.

Mdau, Mbeya

Mwaka 2012 nilikuwa Nairobi kikazi. Wanaharakati, akiwemo mpiga picha Boniface Mwangi, walichora mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amekaa juu ya wananchi. Watu walisimama barabarani wakisoma kwa sauti.

Niliporudi tulijaribu na wenzangu mtaani kwetu, kuhusu maji. Tulichora usiku foleni ya ndoo kwenye bomba kavu. Siku ya tatu tukakuta chokaa. Tulikasirika sana, tukidhani ni wakubwa. Kumbe ni mzee mwenye nyumba: aliamka akakuta ukuta wake unagombana na watu ambao yeye hajagombana nao. Alikuwa na haki. Ndoo ya kwanza kwenye ile foleni ilikuwa ya mkewe, na hatukumwomba hata yeye.

Mwanzisha mada

Mzee wa chokaa mrudieni, kaka. Nendeni mchana, mkiwa na mkewe, mumwachie yeye aseme nini kichorwe.

Dada wa Makambako, asante kwa kutuamini. Kipande cha ukuta wa zahanati yangu kimebaki kitupu upande wa dirisha la dawa. Ukiniruhusu, nitaiweka saa yako pale juu, mshale mfupi kwenye nane, mrefu kwenye kumi na mbili. Maneno sitaandika.